Fundi wa Waya Hakuchoma Gari

Hata leo, ukipita nyuma ya soko la Machakos, kule wanakotengeneza magari, ukamtaja yule mzee aliyekuwa fundi wa waya, hatakosekana mtu wa kukuambia, "Ah, yule alichoma gari ya mwalimu?" Atasema hivyo bila kupepesa macho, na pengine wakati gari lilipoungua yeye alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Huyo mwalimu ni mimi. Gari lilikuwa langu. Hakulichoma. Aliyelichoma namjua vizuri na nitamtaja kabla sijamaliza, ila kwanza nataka mumjue aliyechafuliwa jina, maana kumchafua kulimchukua kila mtu dakika moja na kumjua hakuna aliyejisumbua.

Tulimwita Fundi. Hata mkewe alimwita Fundi. Nilimfahamu kwa sababu ya feni, ile inayopuliza hewa ya joto na ya baridi ndani ya gari. Nilikuwa nakaa mjini na kufundisha Mitaboni, na gari langu lilikuwa stesheni wegoni kuukuu, lililomzidi umri kitindamimba wangu. Asiyewahi kupanda vilima vile asubuhi ya mwezi wa saba atadhani feni ni anasa. Ukungu unakaa barabarani, pumzi yako inakaa kwenye kioo, na feni isipopuliza unaendesha kama mtu aliyefunikwa blanketi. Asubuhi moja nusura nimgonge mama aliyebeba mtungi wa maziwa. Nilimwona alipopiga bodi kwa kiganja na kunitukana kwa Kikamba safi, na alikuwa na haki yake.

Nilikuwa tayari nimepitia mikono ya mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha swichi. Wa pili alibadilisha mota. Wa tatu alitaka kung'oa dashibodi nzima, na alikuwa ameshashika bisibisi. Nikamkimbia, nikaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa peke yake chini ya bati, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Shida ni gani?"

"Mota ya feni imekufa," nikasema.

"Nani amekuambia imekufa? Wewe ni fundi?"

"Mimi ni mwalimu."

"Basi Mwalimu, niambie kile umeona. Usiniambie kile umeambiwa."

Nikamwambia kwamba feni haifanyi kazi, isipokuwa nikiweka namba nne. Akaniamuru niketi kwenye kiti cha dereva, niwashe. Namba moja, kimya. Namba mbili, kimya. Tatu, kimya. Nne, feni ikavuma na kunitupia vumbi la miaka usoni.

"Sasa hiyo mota iliyokufa," akasema, "imefufuka ikifika nne?"

Akanieleza, huku amekasirika kana kwamba mimi ndiye niliyejidanganya, kwamba umeme wa namba nne unaenda moja kwa moja kwenye mota, na wa zile namba za chini unapitia kidude kimoja kidogo kinachoupunguza nguvu. Kidude kikiungua, inabaki namba nne peke yake. Akalala chini ya droo ya dashibodi, akafungua skrubu mbili, akatoka na kitu kidogo chenye koili iliyokatika. Alipomaliza kuweka kingine, namba zote nne zilifanya kazi. Kile kilichoungua akakiweka kwenye kiganja changu na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Beba maiti yako," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Hakuna kitu kilichotolewa kwenye gari kilichobaki kwake, hata fyuzi moja. Wengine waliona ni kichekesho cha mzee. Mimi nilielewa baadaye, nilipojua kwamba swichi yangu ya kwanza na mota yangu ya kwanza zilikuwa nzima na pengine hadi leo zinapuliza watu katika magari mengine huko Kangundo. Mpaka sasa nikikumbuka mafundi wale wawili damu hunichemka. Hao hakuna aliyewahi kuwaharibia jina.

Alikuwa mkali, sitawadanganya. Ukifika kwake na jawabu mfukoni, alikurudisha ukakae kwenye gari. Hakugusa gari ambalo mwenyewe hayumo ndani. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye cheo, na dereva wake, akasema gari linabaki hapo yeye anaenda kunywa chai. Fundi akaendelea kufuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Hiyo swichi ni nani huwa anawasha?" akauliza.

"Ni mimi."

"Basi keti uwashe. Hii shida inakujua wewe, mimi hainijui."

Bwana alifoka, akataja watu anaowajua. Fundi akamsikiliza mpaka akachoka, kisha akamfungulia mlango wa gari. Nilikuwepo. Mheshimiwa aliketi na kuwasha namba moja, namba mbili, kama mimi tu.

Kifaa chake cha kupimia alikitengeneza mwenyewe: balbu ndogo ya indiketa, waya mbili na msumari. Alichomeka msumari hapa, akashika waya pale, balbu ikiwaka alisema "Yuko," isipowaka alisema "Hayuko," kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba akimtafuta jamaa yake. Wakati huo ilikuwa marufuku kuongea. Jirani yake, Msomali mmoja mwenye duka la spea, alishazoea kuzima redio yake akiona Fundi amelala chini ya dashibodi. Msomali huyo huyo aliniambia kwa kulalamika, lakini anacheka, "Huyu mzee ananimalizia biashara. Mtu anakuja kununua mota, yeye anamwambia enda ufagie majani."

Na ni kweli alifagia majani. Mwaka fulani feni yangu ilianza kukohoa kila nikikata kona. Wengine wangeuza mota. Yeye alifungua, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa maua makavu ya mjakaranda, gamba la kalamu na soksi ya mtoto. Akanikabidhi vyote. Soksi ile sijui ya nani mpaka leo, maana wanangu walikuwa wameshakua.

Sasa mtu huyu, aliyekuwa akigombeza watu kwa kuendesha na feni mbovu, yeye mwenyewe alikuwa na pikapu isiyokuwa na feni kabisa. Penye mota palikuwa na shimo. Kioo chake alikifuta kwa nusu ya kiazi kibichi, ambacho kilikaa juu ya dashibodi kama kifaa cha kawaida cha gari, na asubuhi ya baridi alikisugua kwenye kioo ukungu usishike. Nilipomuuliza alijifanya hasikii. Ni Msomali aliyeniambia kwamba ile mota aliing'oa na kumpa nesi aliyekuwa akienda kazini Kangundo kila alfajiri, siku ambayo spea haikupatikana mji mzima. Nilimkasirikia.

"Fundi, wewe je? Wewe huoni ukungu?"

"Mimi naenda hapa tu na narudi," akasema. "Na kiazi haijawahi kuunguza waya."

Kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi la gari langu aliandika kwa rangi nyeupe nguvu ya fyuzi ya feni: 15. Hilo alilifanya kwa kila gari, kila moja na namba yake, halafu akakusomesha. Mimi niliyesomesha watoto jedwali la kuzidisha miaka yote ile, nilisimama mbele yake nikiulizwa.

"Ni ngapi?"

"Kumi na tano."

"Ikikatika?"

"Niweke kumi na tano."

"Ikikatika tena?"

"Nirudi kwako."

"Usiweke ya thelathini. Usiweke waya. Usiweke karatasi. Fyuzi ikikatika si yeye mbaya, ameona kitu wewe hujaona."

Mara ya mwisho aliponisomesha hayo alikuwa ametoka kuipaka mota mafuta. Alisema imezeeka, inazunguka kwa uzito, na siku moja itavuta umeme mwingi kupita kiasi. Tutafute nyingine pole pole, akasema, lakini kwa sasa itaenda. Nikaitikia kila kitu. Nilijua somo langu lote.

Basi nimefika pale nilipowaahidi.

Wiki mbili baadaye, Jumatano ya mtihani, nikiwa nusu ya safari ya Mitaboni, feni ilikatika. Kioo kikajaa ukungu papo hapo. Nikasimama kando, nikafungua sanduku, nikaona fyuzi imekatika. Nikaweka nyingine ya kumi na tano niliyokuwa nayo. Ikadumu kiasi cha kumaliza kona mbili, nayo ikakatika. Hapo nilipaswa kurudi. Simu ilikuwa mkononi na namba yake ilikuwa ndani ya simu, lakini nilijua atakachosema, ndiyo sababu sikumpigia. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amesimama hapo, akanionea huruma, akachana karatasi inayong'aa kutoka kwenye pakiti ya sigara.

"Madam, weka hii. Itashika tu."

Niliikunja kwa mikono yangu, nikaifunga kwenye fyuzi iliyokufa, nikaisukuma ndani. Feni ikavuma. Mnajua nilijisikiaje? Nilijisikia mjanja. Nilifika shule kwa wakati na kioo safi, nikasema jioni nitapita kwa Fundi. Jioni nilikuwa nimechoka. Alhamisi kulikuwa na mkutano wa wazazi. Ijumaa na Jumamosi sikukumbuka.

Jumapili jua lilikuwa kali. Mume wangu alibaki kwenye gari katika kiwanja cha kanisa, feni imewekwa namba nne, akiningoja nimalize mazoezi ya kwaya. Moshi ukatokea chini ya dashibodi. Karatasi ile ilikataa kukatika, basi zikaungua waya. Mume wangu aliruka nje salama, namshukuru Mungu, na kabla hatujapata maji gari lilikuwa linawaka lote. Akasimama mbele ya waumini, shati limejaa masizi.

"Ni ule fundi wa waya!" akapiga kelele. "Alishika hii gari juzi tu! Alitaka kuniua!"

Na watu wote wakasema ndiyo, ni yeye, tangu zamani ana kichwa kigumu, anajifanya anajua. Hata mtu ambaye gari lake lilitengenezwa na Fundi likafufuka aliitikia ndiyo. Hakuna aliyesema tungoje, hakuna aliyeuliza swali moja. Nilisimama hapo na Biblia kwapani, mwalimu anayewaambia watoto kila Jumatatu kwenye gwaride kwamba aliyekosa ajitokeze mwenyewe, nikanyamaza.

Kesho yake Fundi alikuja pale kiwanjani na koleo na gunia. Akaingia ndani ya lile gofu na shati lake jeupe, akakata waya zote za feni kutoka mwanzo hadi mwisho, akazikunja polepole zisivunjike. Watu wakasimama ukutani wakimzomea kwamba anaficha ushahidi. Alipotoka alikuwa mweusi mpaka nyusi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona mchafu.

"Mwalimu," akaniuliza, "fyuzi ilikatika?"

Mume wangu alikuwa hatua tatu kutoka hapo.

"Hapana, Fundi," nikasema. "Haikukatika."

Akanitazama kidogo. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ila kama mtu anayepokea habari, akaenda na gunia lake.

Wateja walipungua hadi karibu waishe. Msomali wa spea alimtetea mpaka akachoka kutukanwa. Mwisho alinikuta dukani nikinunua unga, akaniambia Fundi amehama, amerudi kwao Ndithini kulima ndengu. Aliniambia pia kitu kilichonikosesha amani: si wateja waliomwondoa. "Gari zingine zilikuja," alisema. "Yeye amekataa kushika. Anasema mpaka ajue alikosea wapi." Nikanunua nilichokuja kununua nikaondoka. Miaka mitano nilimkasirikia kila mtu. Niliwakasirikia waumini, mafundi, mume wangu, hata kijana wa bodaboda ambaye kosa lake lilikuwa huruma. Nilikuwa hodari sana wa kukasirikia watu.

Mwaka huu nilienda Ndithini kumzika mama wa mwalimu mwenzangu. Wakati wa kuondoka, mchana, nikaona pikapu imeegeshwa kando ya soko na nusu ya kiazi juu ya dashibodi. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Niliuliza tu nyumba iko wapi.

Mkewe alinipokea uani. "Wimuseo, mwaitu," akanisalimia kwa heshima, nami nikaitikia, nikaona aibu kuitwa mama na mtu yule. Fundi alikuwa sebuleni, amekonda, shati bado jeupe. Na ukutani, penye nyumba nyingine pana picha za harusi, palikuwa na ubao mrefu. Waya za gari langu zilikuwa zimetandazwa juu yake, zimeshikwa kwa misumari midogo, kutoka swichi hadi mota, nyeusi, na kando ya kila kiungo ameandika kwa chaki.

"Karibu Mwalimu," akasema. "Umekuja vizuri. Keti nikuonyeshe."

Hakuniuliza habari za nyumbani. Akaanza kunionyesha kwa kidole, kwa hamu, kama aliyengoja miaka mtu wa kumwonyesha. "Hii kiungo ni yangu. Nzuri. Hii ni yangu. Nzuri. Hapa pameungua sana, lakini moto umetoka pande hii, haukuanzia hapa. Nimefungua zote. Kila siku nikitoka shamba naangalia. Sanduku ya fyuzi iliyeyuka, sasa hapo siwezi jua. Lakini wewe ulisema fyuzi haikukatika. Kama haikukatika, basi umeme haukuzidi. Kama haukuzidi, ni mkono wangu. Sasa mkono wangu ulikosea wapi?"

Alinitazama akingoja jibu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

"Fundi," nikasema, "ilikatika."

Akaondoa kidole kwenye ubao.

"Ilikatika mara mbili. Mara ya pili niliweka karatasi ya sigara. Nilikunja na hii mikono yangu. Wewe hukukosea mahali popote."

Mkewe alikuwa mlangoni na birika la chai, akabaki pale pale. Fundi aligeuka akautazama ubao. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ile ile ya chini ya bati.

"Ni ngapi?"

"Kumi na tano," nikasema.

"Ikikatika tena?"

"Nirudi kwako."

"Aiya," akasema. "Kumbe ulijua. Mimi miaka yote nilidhani labda sikukufundisha vizuri."

Hapo ndipo nilipolia. Hakunibembeleza, wala haikumpasa. Alisimama, akaushusha ubao kutoka ukutani kwa mikono miwili, akaufuta vumbi kwa mkono wa shati lake jeupe, akaniwekea kifuani mpaka nikaushika.

"Beba maiti yako, Mwalimu," akasema. "Uende nayo pale ilikufia."

Nilienda nayo. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama mbele pale aliposimama mume wangu, ubao mikononi, nikawaambia yote: fyuzi, sigara, uongo. Mume wangu aliinamisha kichwa. Wengine walikohoa. Kisha mzee mmoja wa kanisa, aliyepiga kelele kuliko wote siku ile ya moto, akainua mkono kwa upole.

"Mwalimu, hayo ni mambo ya zamani. Yamepita. Keti tu."

Yamepita! Walipomhukumu walikuwa na sauti, na sasa wakati wa kumsafisha wana haraka ya kwenda kula. Sikuketi, na sitaketi. Nimeutundika ubao ule sebuleni kwangu, na kila anayeingia akiuliza ni kitu gani, namwambia. Na wewe uliyesoma hadi hapa, ukipita nyuma ya soko la Machakos ukasikia mtu anasema yule mzee alichoma gari, mwambie hakulichoma. Mwambie nililichoma mimi.